Mstari wa Kawangware

Mwezi uliopita nilipeleka simu yangu kwa fundi mmoja Kawangware. Nikiwa nimesimama kibandani pake nikingoja, akaiwasha kompyuta ya zamani ya mteja mwingine kabla hata hajaipangusa. Harufu ikatoka, ya vumbi linaloungua polepole juu ya chuma chenye moto, na ndani yake kuna kitu kama plastiki iliyokaa juani. Wenzangu wa rika langu pengine wataikumbuka harufu hiyo kutoka kwenye saiba za mitaani, vile vibanda vya kompyuta za kukodi. Mimi naijua kutoka nyumbani. Nilimwambia fundi nitarudi baadaye, nikatoka nje kutafuta hewa.

Tuliishi Mashimoni, Kibera, Mama na mimi, kwenye chumba cha mabati kilichogawanywa kwa pazia. Mama alikuwa mpiga chapa kwenye ofisi moja mjini. Ofisi ilipofungwa alibeba nyumbani kompyuta ambayo hakuna mwingine aliyeitaka, akaiweka juu ya ndoo mbili zilizopinduliwa, akaifunika kitambaa cha kufuma kama watu wanavyofunika redio. Siku za kazi alifulia watu nguo kwenye mitaa ya waliojiweza. Jumamosi alikuwa mtu mwingine. Alivaa blauzi yake ya ofisini, akaketi wima mbele ya ile skrini, na vidole vyake kumi vilivyochubuliwa na sabuni vikakimbia juu ya kibodi bila yeye kuvitazama.

Alichokuwa akichapa ni orodha. Kulikuwa na mtandao mdogo uliotengenezwa na watu wa mtaani wenyewe, watu waliopenda mashine tu, na jina lake lilikuwa Ubao. Kila mwanachama alikuwa na kompyuta kuukuu nyumbani, na juu ya paa lake antena iliyotengenezwa kwa mkebe wa maziwa ya unga, umeelekezwa kwenye mkebe wa mwenzake. Hatukuwa na intaneti wala hatukuhitaji kununua kredo ya simu. Kila siku saa kumi jioni mashine zilipigiana hodi, zikabadilishana matangazo na barua: mtoto amepotea, kuna kibarua cha kuchimba mtaro, nani ana mkanda wa cherehani, na mabishano ya mpira yasiyokwisha. Mtu angeweza kuandika barua Kibera ikasomwa Kawangware jioni hiyo hiyo, na hilo lilitushangaza sana.

Lakini mashine haijui njia bila kuambiwa. Ndiyo maana kukawa na orodha, na kila mashine ilikuwa na nakala yake. Mwanzo ilikuwa ukurasa mmoja wa daftari la shule: namba ya kituo, jina la mwenyewe, mahali. Vituo vilipoongezeka Mama aliongeza safu ya kuonyesha barua ipitie kwa nani. Baadaye watu waliogopa wezi wasije wakajua kompyuta ziko nyumba gani, safu ya mahali ikafupishwa, ukabaki mtaa tu. Vilipofika vituo kumi na tisa, kutuma orodha nzima kila wiki kulizichosha zile antena za mikebe, hivyo Mama akaanza kutuma mabadiliko peke yake. Mstari ambao haukubadilika haukutumwa. Mashine ya kila mtu ilichukua mabadiliko hayo na kurekebisha nakala yake yenyewe. Kijana mmoja aliwahi kusema mashine ziachiwe zitafutane zenyewe, orodha itengenezwe bila mtu. Mama alikataa. Alisema mashine inaweza kujua kwamba mlango haufunguliwi, ila haiwezi kujua kwa nini.

Mwisho wa kila mstari kulikuwa na neno moja. Kituo kinachofanya kazi kiliandikwa hai. Kisichojibu kwa wiki mbili kiliandikwa chini, na kikimaliza wiki nne hakijarudi, kilifutwa. Kituo kikiwa chini, barua iliyotumwa huko ilirudishwa kwa aliyeiandika ajue haikufika. Kikiwa hai, mashine iliendelea kuishika barua na kujaribu tena kesho, na kesho kutwa, bila kumsumbua mtu.

Mimi nilikuwa na miaka tisa na sikuelewa hivyo. Kituo cha kwanza nilichoona kikiandikwa chini kilikuwa cha fundi wa viatu jirani yetu, na Mama alikiandika wiki ile ile sanduku la maiti yake lilipopandishwa juu ya basi kupelekwa ushago, kijijini kwao, akazikwe. Nilimuuliza Mama chini ni wapi. Alikuwa anachapa, hakugeuka. Akasema, "Ni chini tu. Kitu ikienda huko hairudi." Kwangu mambo yakanyooka. Wiki chache baadaye mama mmoja wa Soweto East akaandikwa chini, na kwa kuwa alikuwa amehama na sikumwona tena, nikajua naye amezikwa. Nikaanza kumwogopa Mama siku za Jumamosi. Niliketi nyuma ya pazia nikisikiliza vidole vyake, nikijiuliza leo ni nani.

Aliyeunganisha mikebe yote hiyo alikuwa Mzee Okelo. Aliishi Soweto East, humo humo Kibera, na ujana wake wote alikuwa fundi wa laini za simu, akipanda nguzo. Masikio yake yalikuwa yameisha. Ukitaka akusikie ulipaswa kusimama mbele yake na kupanua mdomo, na yeye mwenyewe aliongea kwa sauti kubwa kama mtu anayeita ng'ambo ya mto. Kwa sababu hiyo aliupenda Ubao kuliko sisi wote. Kwenye Ubao hakuna aliyelazimika kumpigia kelele.

Alikuwa na binti mmoja, Atieno, ambaye alijifunza ufundi wote kwake. Atieno alihamia Kawangware baada ya mama yake kufa, na hakumpa baba yake namba ya simu wala hakumwonyesha nyumba. Niliyajua hayo kwa kuwasikiliza wakubwa. Siku mama yake alipozidiwa, Mzee Okelo alikuwa juu ya paa la mtu akielekeza mkebe. Majirani walimwita kutoka chini na hakusikia. Aliposhuka, mkewe alikuwa ameshakata roho. Atieno alimwambia maneno ambayo Mama hakutaka kuyarudia mbele yangu, kisha akabeba vitu vyake akaondoka.

Ila hakuondoka kwenye Ubao. Alifunga antena juu ya ghorofa alilopanga Kawangware, akawa ndiye lango la vituo vyote vya upande ule, na kila Ijumaa alituma ripoti kwa Mama: kituo fulani hai, kituo fulani hai, na changu hai. Ripoti tu, bila salamu. Barua za baba yake hakuzijibu hata moja. Kwa hiyo neno pekee ambalo Mzee Okelo alipata kutoka kwa mwanawe kwa wiki nzima lilikuwa lile moja mwisho wa mstari. Hakuridhika kulisoma kwenye mashine yake. Kila Jumamosi alitembea kutoka Soweto East hadi kwetu, akainama mbele ya skrini yetu, akashusha kidole mpaka kwenye mstari wa Kawangware, akasoma, akanyooka. Alinipa peremende yenye vumbi la mfukoni. Kisha akaenda zake.

Wakati wa mvua ndefu, ripoti ya Atieno haikuja. Wiki iliyofuata haikuja tena, na mashine zetu saa kumi zilipiga hodi Kawangware bila kuitikiwa. Jumamosi hiyo Mama aliandika mabadiliko ya wiki kwa kalamu kwenye karatasi, kama alivyozoea, kabla ya kuyachapa. Yalikuwa matano. Alikuwa amechapa mawili jirani alipopita akisema bomba limefunguliwa, na maji yalikuwa yamekosekana tangu Jumatano. Mama akanyakua mitungi. Nilikuwa nimeshajifunza kuchapa kwa vidole viwili, na alinikabidhi kiti chake kwa mara ya kwanza.

"Maliza hizo mistari tatu, utume," akasema. "Usiongeze kitu."

Mstari wa mwisho ulikuwa wa Kawangware, Atieno, na mbele yake Mama alikuwa ameandika chini.

Niliutazama kwa muda mrefu. Nilimfikiria Mzee Okelo akija, akishusha kidole. Nilikuwa na hakika kabisa kwamba Atieno bado anapumua mahali fulani, amevuliwa viatu kitandani, mgonjwa labda, na kwamba nikichapa neno lile nitakuwa nimemzika. Sikuandika uongo wowote. Nilichapa mistari miwili, nikaruka wa tatu, nikatuma. Mashine zote zikapokea na kutosheka, maana mstari usiotajwa unabaki ulivyokuwa. Karatasi nikaitia jikoni kwenye makaa. Mama aliporudi na maji akaniuliza kama nimemaliza, nikasema ndiyo, na alinisifu kwa watu.

Wiki hiyo hiyo rangi nyekundu ilipakwa kwenye kuta za nyumba zilizokuwa kwenye njia ya barabara mpya. Alama ya X kubwa, mlango baada ya mlango. Nyumba ya Mzee Okelo ilikuwa na yake. Watu walianza kung'oa mabati yao wenyewe kabla hayajaharibiwa. Yeye hakung'oa kitu. Alikaa chini mbele ya mashine yake mchana mzima akaandika barua kwenda Kawangware, na nilimwona kwa sababu Mama alikuwa amenituma kumpelekea uji. Aliandika akafuta, akaandika tena. Aliponiona aliigeuza skrini kidogo, kwa aibu, kama mtu aliyekutwa akivaa.

Kisha akangoja. Jumamosi alikuja kwetu kama kawaida. Mama alitoka nje kabla hajafika. Alijua, au alidhani anajua, kile ambacho Mzee ameshakiona kwenye mashine yake, na hakuwa na ujasiri wa kusimama mbele ya masikio yale akipaza sauti juu ya jambo kama hilo. Nilibaki peke yangu naye. Akainama, akashusha kidole. Hai. Akakaa ameinama muda mrefu kuliko siku zote. Nilitegemea afurahi. Nilikuwa nimempa zawadi na nilikuwa nangoja peremende yangu.

Siku hizo za kungoja, majirani wake walimwambia ahame, wengine walijitolea kumbebea vitu. Aliwajibu kwamba anangoja mtu. Mama alipokwenda kumshawishi nilifuatana naye, na hapo ndipo nilipomsikia akisema maneno ambayo nimekuwa nayo tangu siku hiyo. Hakuyasema kwa ile sauti yake ya kuita ng'ambo. Aliyasema kwa sauti ndogo, ambayo yeye mwenyewe hakuweza kuisikia.

"Nimemwandikia na barua haijarudi. Ameona. Ako hai, iko hapo kwa list. Ameona na amenyamaza."

Mama alidhani anaongea kwa uchungu, kwamba anakataa kukubali. Akamshika mkono. Hakumuuliza kitu. Nami nilisimama nimeshika kikapu, na kwa mara ya kwanza nilihisi kwamba neno hai nalo linaweza kumwumiza mtu.

Tingatinga lilikuja Jumatatu asubuhi. Majirani walimtoa Mzee Okelo akiwa ameketi kwenye kiti chake, wakatoa godoro, Biblia na sufuria. Mashine ilibaki ndani. Alipoulizwa kama waiendee, aliwaambia waache, haina kazi tena. Nilipopita pale baada ya shule palikuwa tambarare, matope na vipande vya mabati, na watoto wanaokota waya za shaba. Siku mbili baadaye wanakijiji wenzake walimtafutia nafasi kwenye basi la kwenda nyumbani, upande wa ziwa. Nilimpungia mkono. Hakunitazama.

Jumamosi iliyofuata Mama alifika kwenye mstari wa Kawangware ili aufute, kwa kuwa wiki nne zilikuwa zimetimia, na akaukuta ukisema hai. Vidole vyake vilisimama. Alipekua mabadiliko ya wiki mbili nyuma, akaona mstari huo haumo. Akaniita. Aliniuliza polepole kama alikuwa ameniandikia mistari mitatu au miwili.

Nikasema miwili.

Hakubisha. Alitazama mikono yake. Akasema, "Basi ni mimi nilisahau," na akakaa pale bila kuchapa mpaka chai yake ikapoa. Nilikuwa naweza kusema hapo. Mlango ulikuwa umerudishwa, tulikuwa wawili tu. Sikusema.

Atieno alikuja mwezi uliofuata. Hakuwa mgonjwa, hakuwa amezikwa. Mwenye ghorofa alikuwa amewafukuza wote waliokuwa na mikebe juu ya paa, Atieno akahamia nyumba isiyo na stima ya kuwasha hata taa, na alikuwa bado anatafuta mahali pa kuweka mashine. Alisikia habari za kubomolewa akaja Soweto East, asipate hata pa kusimama na kusema hapa palikuwa mlango. Akaja kwetu. Mama alimweleza yote: barua, orodha, kosa lake. Alimwomba msamaha akiwa amepiga magoti kwenye sakafu yetu ya saruji. Atieno alimwinua, akapanda basi jioni hiyo. Mzee Okelo alikuwa ameanza kukohoa tangu zile siku za mvua. Alimkuta mochari.

Ubao haukufa siku hiyo. Walikutana, wakabadilisha kanuni kwa sababu ya lile kosa. Orodha nzima itumwe kila mwisho wa mwezi, kila mtu alinganishe mstari wake. Mabadiliko yachapwe na mmoja na kusomwa na mwingine. Barua iliyoshikwa zaidi ya siku tatu irudishwe hata kama kituo kinasemekana ni hai. Zilikuwa kanuni nzuri, na kama zingekuwepo mwanzo, mtoto wa miaka tisa asingeweza kumtenga mtu na baba yake. Ila hakukuwa na mtu tena wa kuielekeza mikebe. Upepo uligeuza mmoja, ukabaki umegeuka. Orodha ilipungua kutoka kumi na tisa hadi kumi na moja, hadi sita, hadi mbili. Mama aliendelea kuichapa kila Jumamosi akiwa na blauzi yake, na kuisoma mara mbili kwa sauti, mpaka siku ambayo hakukuwa na mashine nyingine ya kuipokea. Kompyuta ilichukuliwa na watu wa vyuma chakavu. Mama alifariki akiamini kosa lilikuwa lake, na nilimuuguza miezi mitatu nikiwa na nafasi kila siku ya kumwambia.

Wiki mbili zilizopita nilimtafuta Atieno. Haikuwa vigumu. Anauza mapazia ya mitumba Kawangware, na nilikuwa nimejua hivyo kwa miaka mingi. Nywele zimeanza mvi. Alinipa kiti bila kunitambua, na nilipojitaja akaniamkia vizuri, akanipa pole ya Mama. Kisha nikamwambia. Nilimwambia kila kitu, fundi wa viatu, neno chini, mstari nilioruka, karatasi niliyochoma. Alinisikiliza akiwa anakunja pazia, na mikono yake haikuacha kukunja.

Akauliza nilikuwa na miaka mingapi. Nikamwambia. Akatikisa kichwa, na nikadhani atasema nilikuwa mtoto, kama ambavyo mtu yeyote angesema, na nilikuwa nimejiandaa kulia akisema hivyo.

Akasema, "Hiyo barua ilikuwa inasema nini?"

Nilimweleza kwamba barua ya mtu kwa mtu ilifungwa, hata Mama hakuweza kuisoma. Kwamba ilikuwa imeshikwa ndani ya mashine ya mzee mwenyewe, ikingoja njia, na mashine ilikuwa ndani ya nyumba tingatinga lilipopita.

"Lakini ulimwona akiandika."

"Nilimwona."

"Haukuona hata neno moja?"

Nilitafuta. Nilirudi ndani ya kile chumba, uji mkononi, nikamtazama yule mzee akigeuza skrini, na nikajaribu kwa nguvu zangu zote kuona. Kulikuwa na mistari. Ilikuwa mingi.

"Hata moja," nikasema.

Mteja alikuwa amesimama akiuliza kama kuna pazia la dirisha refu. Atieno akainuka kumhudumia, akapima kitambaa kwa mkono wake, kutoka begani hadi kwenye kidole, akatoa lingine, akapima tena. Mteja alipoondoka hakurudi kuketi. Alianza kufungua robota jipya, akiwa amenipa mgongo. Nikaelewa kwamba hakuwa akinifukuza. Ni kwamba tu hakuwa na kitu kingine cha kuniuliza.